Israfu Kando ya Ziwa

Mafakihi wa madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo madhehebu ya Waislamu walio wengi katika nchi zetu, wamefundisha tangu zama za kale kwamba mwenye kutawadha akitumia maji kupita haja yake amefanya jambo la karaha, na kwamba hukumu hiyo haiondoki hata akiwa ameketi ukingoni mwa mto uendao. Mwanafunzi wa chuoni, awe Lamu, Unguja au Ujiji, huikariri pamoja na hukumu nyingine za udhu, na aghalabu hupita asiulize ndani yake mna siri gani. Lakini aisomaye hali makazi yake ni Bangwe, katika rasi ile iliyo baina ya ghuba ya Kigoma na mji mkongwe wa Ujiji, hana budi kuuliza. Maana mbele yake limetanda ziwa ambalo kina chake hufika mita 1,470, lenye urefu wa kilometa zaidi ya 650 na takriban moja ya sita ya maji baridi yote yasiyoganda yaliyo juu ya uso wa dunia, na kata ya maji aliyojimwagia mguuni hurudi ilikotoka kabla yeye hajasimama. Ziwa halikupungua. Jirani hakunyimwa. Mwenye kutawadha hakutoa hata senti. Basi israfu, ambayo katika fikira za watu ni kupoteza mali, iko wapi mahali ambapo hakuna kilichopotea?

Suala hili nimeliona likifufuka Bangwe kwa njia ambayo waandishi wa vitabu vya fiqhi hawakupata kuidhania, nayo ni njia ya umeme. Yuko kijana mmoja, fundi wa chaji na taa za wavuvi, ambaye ametia nia ya kuwa mtu wa redio ya ridhaa. Redio ya ridhaa, kwa msomaji asiyeijua, ni ile ambayo kanuni za kimataifa zinaieleza kuwa ni ya kujifunza, kuwasiliana na kuchungua ufundi pasipo tamaa ya fedha: mwenye kuiendesha hupewa leseni na Mamlaka ya Mawasiliano, na pamoja nayo jina la kuitia mahewani, ambalo kwa Tanzania huanza na 5H kama lilivyoanza zamani za ukoloni na VQ3 kwa Tanganyika na VQ1 kwa Unguja, naye haruhusiwi kutangaza biashara, wala kutwaa ujira kwa ujumbe alioufikisha, wala kuficha maana ya maneno yake kwa msimbo wa siri. Wako wasemao kwamba huu ni mchezo wa watu wenye nafasi, nami sibishani nao sana; ila huwakumbusha kwamba Desemba 2004, tsunami ilipokata mawasiliano ya visiwa vya Andaman, watu wa ridhaa waliokuwapo Port Blair kwa ajili ya mchezo wao huo huo ndio waliopeleka Bara Hindi habari za waliosalimika.

Kijana wetu redio yenyewe hajainunua. Ana kipokezi kidogo cha masafa mafupi cha kusikilizia, na wakati anangoja leseni na kuweka akiba, ameanza na kitu ambacho bila yake redio ni sanduku tu, nacho ni chombo cha kuilisha umeme. Redio za namna hii hutumia mkondo mnyoofu wa volti 13.8, yaani umeme kama wa betri ya gari inapochajiwa; na redio yenye kutoa wati 100 huvuta takriban ampea 1 inaposikiliza na takriban ampea 20 inaposema. Chombo kilichotengenezwa tayari huuzwa ughaibuni kwa bei isiyo ya fundi wa Bangwe, hivyo yeye alijitengenezea chake kwa vitu vya skrepa, na ufundi wake una mantiki nzuri inayostahili kuelezwa kwa taratibu.

Alitwaa transfoma kutoka katika UPS kubwa iliyokufa. Volti 230 za ukutani huingia upande mmoja, na volti 16 hutoka upande wa pili. Dayodi nne huulazimisha mkondo geu uende njia moja. Lakini unaotoka hapo ni umeme wa kupanda na kushuka mara 100 kila sekunde, na redio ikilishwa huo itanguruma. Kapasita zenye jumla ya mikrofaradi 100,000 huyajaza mabonde hayo, na hata hivyo, mkondo ukifika ampea 20, husalia mtikisiko wa volti 2. Kwa hiyo mwisho wa njia husimama transista nene za namna ya 2N3055, ambazo alizitoa katika amplifaya kuukuu, na kazi yao ni kuzuia kila kilicho juu ya volti 13.8, kipungue au kizidi namna gani huko nyuma. Hupangwa nne au tano pamoja, na kila moja hupewa kipinga cha omu 0.1, kwa sababu transista iliyopata moto huvuta mkondo zaidi, na ikivuta zaidi hupata moto zaidi, hata ikaungua na kuziachia nyingine mzigo wake. Kipinga huishika ile inayotaka kuzidi. (Anayetaka kupata hapo waadhi juu ya tamaa na aupate, mimi napita.) Sasa, nyuma ya transista kuna volti 20 kwa wastani na mbele yake zinatoka 13.8. Zile 6 hivi zilizobaki, zikizidishwa kwa ampea 20, ni wati kama 120 zisizo na pa kwenda isipokuwa katika mbavu za alumini ambazo transista zimekazwa juu yake. Na ukihesabu safari nzima utaona kwamba katika wati 400 zinazotoka kwenye kapasita, ni 100 tu zifikazo kwenye antena, robo kamili, nyingine zote zikiwa zimegeuka joto ndani ya mbavu hizo na ndani ya redio.

Siku ya kukijaribu chombo alikitwika taa nne za mbele za gari badala ya redio, zikawaka zote kwa utulivu usio na mfano, na akamwita Maalim wake aliyemsomesha utotoni aje aone. Mzee alizitazama taa kitambo, kisha akasogeza kiganja karibu na alumini.

“Chuma hiki mbona cha moto?”

“Kinatupa umeme uliozidi, Maalim.”

“Umeununua?”

“Nimeununua.”

“Kisha unautupa?”

“Nisipoutupa redio haitulii, Maalim.”

“Basi niambie, mwanangu: utulivu huo kwako ni haja, au ni anasa?”

Swali la namna hii lina uzito katika Kigoma kuliko katika miji mingi. Mkoa huu kwa miaka mingi haukuwa umeungwa na gridi ya taifa. Umeme wake ulitoka katika mitambo ya dizeli, na wati iliyoishia kupasha hewa joto katika chumba cha Bangwe ilikuwa imetokana na mafuta yaliyosafirishwa kilometa zaidi ya 1,200 kutoka Dar es Salaam. Wazee waliolelewa katika nyakati hizo hawauoni umeme kuwa kitu cha kuchezewa.

Kijana alijitetea kwa elimu ya maumbile. Alisema kwamba nguvu haipotei, hugeuka sura tu, kama walivyobainisha Julius Mayer mwaka 1842, James Joule katika majaribio yake ya miaka hiyo hiyo, na Hermann von Helmholtz mwaka 1847. Na kwa hiyo wati 120 za joto zingali zipo, hakuna aliyezitupa. Hoja hii ni ya kweli, na haimfai kitu. Ikiwa israfu ni kupoteza, na hakuna kinachopotea, basi tangu kuumbwa kwa ulimwengu hajapata kutokea mwenye kufanya israfu, na hukumu ya mtoni ni maneno matupu. Wala hoja iliyo kinyume haitusaidii zaidi. Wataalamu waliofuata njia aliyoifungua Sadi Carnot mwaka 1824 walionyesha kwamba joto likisha kutawanyika chumbani halikusanyiki tena likafanya kazi, kwa hiyo kipo kinachopotea, nacho ni uwezo wa kuitumikisha nguvu ile. Walakini kwa kipimo hicho kila tendo ni israfu, hata pumzi za mwenye kusali, maana nazo hutawanya joto lisilorudi. Elimu ya maumbile hutupa hesabu iliyo sahihi kabisa ya kilichotoka na kilichofika, na ikisha kutupa hesabu hiyo hunyamaza. Haina kauli juu ya kilichostahili kutoka.

Kauli hiyo, kwa rai yangu, huanzia kwenye muradi. Tazama wati 100 zilizofika kwenye antena. Sauti inayohesabiwa mahewani kuwa na nguvu njema, ile ya daraja la 9, huleta katika kipokezi cha mbali mikrovolti 50 juu ya omu 50, yaani wati moja ikigawanywa mafungu bilioni 20, ukatwaa fungu moja. Katika nguvu yote iliyoondoka Bangwe, huyo msikilizaji amepata sehemu moja katika trilioni 2. Iliyosalia imemwagika juu ya ziwa, juu ya milima ya Kongo, na mbinguni. Nani atathubutu kuita hayo israfu, hali hakuna njia nyingine ya kumfikia mtu usiyejua aliko? Wavuvi wa dagaa hapa, kwa karabai zamani na kwa taa za betri siku hizi, huangaza maji mengi mno kuliko yale ambayo wavu unaweza kuyazunguka, na hakuna mwenye akili awaambiaye kwamba nuru iliyopita nje ya wavu ni mali iliyotupwa. Kilichomwagika kikiwa ndicho njia ya kukifikia kilichokusudiwa, hukumu yake ni hukumu ya njia. Na joto la mbavu za alumini ni la jinsi hiyo: ni bei ya utulivu, na bila ya utulivu sauti haifahamiki kule iendako. Hapo mimi niko upande wa kijana, na nadhani Maalim naye alikuwa upande wake, maana aliacha kuuliza habari za joto akauliza habari nyingine iliyo ngumu zaidi.

Aliuliza kwa nini wati ziwe 100.

Kijana alijibu kwamba ndizo wanazotumia wengi, jibu ambalo katika mambo ya dini na ya dunia halijapata kumtosheleza mwalimu yeyote. Na ukweli wa ufundi humshuhudia Maalim. Kipimo cha nguvu ya sauti mahewani hupanda kwa madaraja, na kila daraja ni mara nne ya lile lililo chini yake. Kwa hiyo mtu akishuka kutoka wati 100 mpaka 5, akaacha sehemu 95 katika kila 100 alizokuwa nazo, yule amsikiaye mbali ataona sindano imeshuka daraja mbili na kitu. Akitumia herufi za Morse badala ya sauti, atafika mbali zaidi kwa kidogo hicho hicho. Na redio ya wati 5 inaposema huvuta ampea 2 hivi, ambazo hazidai transfoma nzito, wala mstari wa transista, wala alumini ya kuunguza kiganja. Betri ya pikipiki na kipande cha paneli ya jua huitosha. Chombo rahisi kuliko vyote alivyoweza kuvijenga kijana yule kilikuwa kile ambacho uhitaji wenyewe umepunguzwa kabla ya chuma cha kulehemu kupata moto. Sisemi kwamba wati 100 ni haramu. Masika yanapoingia, radi za upande wa Kongo zikajaza hewa mikwaruzo usiku kucha, wati 5 zinaweza kuzama zisionekane, na siku hiyo 100 zitakuwa haja ya kweli. Ninalosema ni kwamba aliyeanza na 100 bila kujaribu 5 hajui haja yake ni ipi, na mtu huyo ndiye anayesemwa katika hukumu ya mtoni.

Kwa nini basi mafakihi wakaishikilia hukumu hiyo hata pale ambapo maji hayapungui? Mimi huona kwamba waliijua hadaa ya kitu kikubwa machoni. Ziwa hili lisilopungua kwa udhu limepungua kwa nyavu: mwaka 2024, kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, Serikali ililifunga kwa uvuvi ili samaki wapate kuzaliana, na watu ambao baba zao waliamini kwamba dagaa na migebuka ni riziki isiyo na mwisho waliziona ngalawa na mitumbwi ikilala mchangani kwa miezi mitatu. Jicho lililotazama maji na jicho lililotazama samaki ni moja. Mkono uliozoea kuteka bila kipimo pale pasipo na hasara, haubadiliki ukifika pale penye hasara, na kwa kawaida mwenye mkono huo hapati habari mpaka mtu mwingine amekwisha kulipa.

Neno hili la kulipa ndilo lililonifanya nione kwamba upo ubahili ulio mbaya kuliko israfu. Kwa maana ilikuwapo njia nyingine, na kijana wetu alisihiwa na wenzake aifuate: chombo cha kulisha umeme kilichomo ndani ya kompyuta ya mezani, ambacho kwa mafundi wa skrepa bei yake ni kama bure. Unaunganisha waya wa kijani na mweusi, kinaamka; nyaya za manjano zinatoa volti 12, na mwenye maarifa huweza kuzipandisha zikakaribia 13.8. Hakipati moto mwingi, kwa sababu hakizuii kinachozidi. Badala yake hufungua na kufunga njia ya umeme makumi ya maelfu ya mara kila sekunde, kikapitisha kiasi kinachotakiwa tu. Kwa hesabu ya wati, huo ndio uchumi wenyewe. Lakini kufungua na kufunga kwa kasi hiyo huzaa kelele katika masafa ya redio, zinazotoka kwa nyaya na kwa hewa, na kumfikia kila mwenye kipokezi aliye karibu. Na watengenezaji waaminifu huweka koili na kapasita za kuzichuja. Vifungue vile vya bei ya chini kabisa, nawe utaona katika ubao mahali palipochorwa koili, alama zake zimechapwa na matundu yake yametobolewa, na badala ya koili kimechomekwa kipande cha waya. Mnunuzi haoni. Chombo kinafanya kazi. Gharama ya koili haikuondoka duniani, imehamishwa kutoka mfukoni mwa muuzaji hadi sikioni mwa mtu asiyehusika na bei, ambaye hakuulizwa na hatalipwa.

Weka vyombo hivi viwili mbele ya kadhi. Mwenye chombo cha joto ametumia zaidi, na kila alichokitumia amekilipa yeye: chumba chake ndicho kilichopata joto, mita yake ndiyo iliyozunguka. Mwenye chombo cha kelele ametumia kidogo, na sehemu ya alichokitumia ni utulivu wa jirani. Kanuni za fiqhi juu ya madhara ni wazi kuliko kanuni zake juu ya israfu, na naona kila aliyezisoma atajua kesi ipi ni nzito. Ingawa katika soko letu wa pili husifiwa kwa ubanaji wa matumizi na wa kwanza huitwa mfujaji.

Hata hivyo jambo halikuishia kwa ushindi wa kijana, kwa sababu Maalim alipoelezwa habari ya kelele alitaka kuzisikia, naye akawashiwa kipokezi. Zilizotoka humo zilikuwa za chaji za wavuvi, zile zile ambazo kijana huzitengeneza kwa riziki yake, zilizopangwa kwenye ubao wa duka zikijaza betri kwa ajili ya usiku. Nani mwenye haki hapo? Al-Ghazali, na baada yake al-Shatibi, walizipanga maslahi za watu katika daraja tatu, dharura, haja na tahsini, na kila ya chini huiachia njia iliyo juu yake. Taa ya mvuvi ni mlo wa nyumba. Redio ya ridhaa, hata tukiipamba vipi kwa habari za Andaman, siku za kawaida ni tahsini. Kwa hiyo si mvuvi atakayeambiwa azime chaji, wala si mvuvi atakayetozwa dawa ya kelele. Mwenye kutaka utulivu ndiye wa kuugharimia.

Na dawa ipo, wala si ghali: yale mafundo meusi yaliyo kwenye nyaya za skrini kuukuu za kompyuta ni pete za feraiti, na waya wa chaji ukizungushwa humo mara kadhaa, kelele hupungua sana. Kijana alikusanya fungu zima katika takataka za mafundi wa kompyuta mjini, akaazimia kuzitia kimya kimya katika kila chaji itakayoletwa kwake, bila kutoza, akidhani amepata thawabu na masikio mazuri kwa pamoja. Maalim alimkatalia. Chaji ya mtu iliyoachwa dukani ni amana, na mwenye kuchukua amana hana ruhusa ya kuongeza ndani yake wala kupunguza, japo anachoongeza ni kheri.

“Muulize kwanza mwenyewe,” alisema. “Umweleze ni ya nini, na kwamba faida ni yako, si yake.”

Kijana huuliza. Wengi humcheka na kukubali. Wengine hushuku kitu cha bure, wakataka kujua kitakula betri kiasi gani. Na asiyekubali hurudishiwa chaji yake kama ilivyokuwa, pamoja na kelele zake.